Kioo gani kwa baridi ya Uyole: IPS, VA, TN au OLED

Mtu akiniambia anatafuta monita ya gemu, simuulizi kwanza ana shilingi ngapi. Namuuliza anaishi wapi, meza yake imetazama dirisha au ukuta, na akicheza anacheza peke yake au chumba kinajaa watu. Wengine hudhani nawapiga chenga. Sivyo. Uchambuzi mwingi wa monita tunaousoma mtandaoni unafanyiwa kwenye vyumba vyenye joto la kudumu na umeme usiokatika, mchezaji akiwa mmoja, amekaa kwenye kiti cha kupandisha na kushusha, macho yake sawasawa na katikati ya kioo. Vipimo vyao ni vya kweli. Hukumu yao ndiyo isiyofika salama huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania, Uyole, Makambako au Njombe, mwezi wa saba, saa tatu usiku, chini ya bati lisilo na dari.

Kabla ya baridi yenyewe, tumalizane na maneno ya kaunta. Muuzaji akikwambia, "Mkuu, hii ni LED, kali sana," amekutajia taa, hajakutajia kioo. Karibu monita zote za kawaida zina taa nyuma, na mbele ya taa kuna safu nyembamba ya fuwele za kimiminika zinazofungulia na kuzibia mwanga katika kila pikseli, yaani kila nukta ya picha. Zamani taa hiyo ilikuwa mirija ya floresenti, siku hizi ni LED, basi. Kinachofanya monita mbili za bei moja zitofautiane kama usiku na mchana ni namna fuwele hizo zilivyopangwa, na hapo ndipo yanapotoka majina TN, IPS na VA. OLED iko peke yake: haina taa ya nyuma, kila pikseli hujiwakia na kujizimia yenyewe. QLED si OLED, ni kioo cha kawaida chenye taa nyuma kilichoongezewa tabaka la kunogesha rangi. Na kuna AHVA ya kampuni ya AUO, ambayo herufi zake mbili za mwisho zimewakimbiza wengi wakidhani ni VA, kumbe ni ndugu wa damu wa IPS. PLS ya Samsung nayo ni wa ukoo huohuo.

Sasa baridi.

Fuwele za kimiminika ziko katikati ya maji na kitu kigumu. Molekuli zake hutiririka, lakini zina mpangilio. Ukizipa umeme hugeuka, ukiuondoa hurudi zilikotoka. Joto likishuka huwa nzito, kama mawese ya Kyela yaliyopandishwa Uyole na kukutwa asubuhi ya Julai. Kioo hakiharibiki, monita nyingi huandikwa kuwa zinafanya kazi kuanzia nyuzi 0 hadi 40. Ila kila pikseli inachelewa kubadilika, na aina za kioo hazichelewi kwa kiasi kimoja.

Anayeumia zaidi ni VA. Humo, pasipokuwa na umeme molekuli husimama wima na mwanga haupiti. Ndiyo siri ya weusi wake mzuri: kontrasti ya VA, yaani weupe wake unavyouzidi weusi wake, huanzia karibu 3000 kwa 1 na kupanda, wakati IPS ya kawaida iko kwenye 1000 kwa 1. Lakini kutoka kwenye weusi kamili kwenda kwenye kijivu cha gizagiza kunahitaji umeme kidogo sana, na umeme kidogo ni msukumo dhaifu. Kwa VA nyingi za bei ya kawaida, safari hiyo fupi ya rangi huchukua milisekunde 20, 30, hata zaidi, na hapo ni kwenye chumba chenye joto la kawaida. Monita ya Hz 144, yaani picha 144 kwa sekunde, huleta picha mpya kila baada ya milisekunde 7 hivi. Piga hesabu: picha tatu nne zinapita na pikseli bado iko njiani. Jichoni unaona mkia mweusi ukimfuata mtu anayekimbia ndani ya jengo lenye giza, au miti ya msituni ikipakana tope ukigeuza kamera haraka.

Huko ndiko baridi inakoongezea uzito. Usiku wa Juni na Julai Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na nyumba zetu hazina hita. Monita iliyolala imezimwa mezani imepoa kama meza yenyewe. Ukiiwasha ukaingia vitani papo hapo, dakika za mwanzo mkia ule unakuwa mrefu kuliko ulivyouona dukani saa nane mchana. Baadaye taa ya nyuma na bodi za umeme hukipasha kioo joto, na mambo hutulia. Hata wanaopima monita kwa vifaa huiacha iwake nusu saa hivi kabla ya kuandika namba yoyote. Wenye VA huku nyanda za juu nawaambia jambo moja tu: washa monita kwanza, halafu ndiyo nenda ukachemshe chai. TN na IPS nazo huchelewa kwenye baridi, lakini zinaanza zikiwa na kasi ya akiba, kwa hiyo upungufu hauonekani kirahisi.

Zipo VA zilizolivuka hili. Samsung Odyssey G7 ya mwaka 2020, ile iliyopinda sana na yenye Hz 240, ilionyesha kuwa VA inaweza kukimbia. Ila ukikuta VA ya bei nafuu dukani, usidhani umekutana na ndugu yake.

Je, VA tuiache? Hapana kabisa. Mtu anayecheza peke yake usiku, taa zimezimwa, gemu za hadithi zenye mapango na mvua na vichochoro, huyo VA itampa usiku wa kweli. IPS kwenye giza hilohilo hugeuza weusi kuwa kijivu, na pembeni hutoa mng'ao wa umanjano au ubluu ambao ukishauona mara moja huachi kuuona. Kama muda mwingi unatazama tamthilia na filamu, na bunduki ni za Jumamosi tu, VA ni uamuzi wa mtu mwenye akili timamu. Nisichokipenda ni mpindo. VA nyingi za gemu zimepinda, na kioo kilichopinda kimetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyekaa katikati.

Na huku kwetu ni nani anayecheza peke yake?

Nenda mageto ya wanafunzi Iyunga jioni. Meza moja, kompyuta moja, kitanda kimoja. Mmoja kashika padi, wa pili anasubiri zamu, watatu wamekaa kitandani, na mmoja yuko chini kwenye godoro la mgeni. Hapa ndipo TN inapoaibika. Kioo cha TN ukikitazama kutoka juu hupauka. Ukikitazama kutoka chini huwa cheusi, na baadhi ya rangi hugeuka kama negativu ya filamu. Kitanda kiko chini kuliko meza, kwa hiyo kila aliyeko kitandani anaitazama monita kwa pembe mbaya kuliko zote. Nimesikia mabishano ya kama mpira ulivuka mstari au haukuvuka, na wote walikuwa wakweli: hawakuwa wanaona picha moja.

Ila TN isitukanwe kijumla, maana ziko za namna mbili. Ipo ya mashindano. BenQ iliendelea kuwatengenezea wachezaji wa Counter-Strike monita za Zowie za TN, kama XL2546K ya Hz 240, na mwaka 2023 ASUS ilitoa TN ya Hz 540. Huyo ni mnyama wa kazi moja, na kazi hiyo anaiweza: picha inayosogea inasomeka, rangi ni hadithi nyingine. Ipo na TN ya ofisi, ile ya Hz 60 inayoshushwa kwenye makontena pamoja na kompyuta zilizotumika Ulaya, na ndiyo inayojaa madukani kwetu. Ukiambiwa "TN ina kasi" usiirudie sentensi hiyo mbele ya monita ya ofisi. Ina pembe mbovu za TN na haina kasi iliyoipa TN sifa.

Kwenye hizo used, kama mfuko hauruhusu zaidi ya hapo, geuza monita usome kibandiko cha nyuma. Dell U2412M kwa mfano ni IPS ya inchi 24, tena ina mistari 1200 kwenda chini badala ya 1080. P2412H, iliyoonekana dukani kama pacha wake, ni TN. Zote mbili ni Hz 60, zote zimeshazeeka, lakini kwa anayecheza mpira na kufanya kazi za chuo, ya kwanza atakaa nayo kwa amani na ya pili itamfanya ainamishe kioo kila anapobadilisha mkao. Wauzaji wengi huziuza bei moja, kwa sababu wanauza inchi.

Hivyo kwa watu wengi wanaoniuliza, jibu langu huishia IPS. Sisemi kwa shauku, kwa sababu si kioo cha kusisimua. Ni kioo kisicho na adui mkubwa huku kwetu. Baridi haikiangushi, kitanda hakikiaibishi, rangi zake hazibadiliki ukikaa pembeni. IPS za gemu za miaka hii, zinazoitwa za kasi, zinafuatana na Hz 144 au 165 bila shida. Kwa Iringa nakitilia mkazo zaidi. Nyumba nyingi za Kihesa na Gangilonga zina madirisha mapana na jua la kiangazi halina huruma; hapo unataka uso usiong'aa na mwanga wa niti 300 au zaidi, na IPS nyingi za kawaida zinafika hapo. Udhaifu wake ni ule weusi wa kijivu, na bahati nasibu ya mwanga unaovuja kwenye kona. Mbili za mfano mmoja, kutoka boksi mbili zilizopangana, zinaweza kutofautiana kabisa. Dawa yake ni kujaribu kabla ya kulipa, na nitafika hapo.

Mpwa wangu wa Soweto ya Mbeya aliwahi kunitumia picha ya boksi.

"Anko, hii imeandikwa milisekunde moja."

Nikamjibu, "Moja ya nini?"

Kwa sababu kuna moja mbili. Ya kwanza hupima rangi ya kijivu kwenda kijivu kingine, na kampuni huchagua safari moja iliyokwenda vizuri, tena mara nyingi ikiwa imewasha kiongeza kasi hadi mwisho. Kiongeza kasi hicho, ovadraivu, hukisukuma kioo kwa umeme wa ziada ili pikseli iwahi. Ukikizidisha, pikseli inapitiliza, na badala ya mkia mweusi unapata mkia mweupe unaong'aa. Ya pili, yenye herufi MPRT, haipimi kasi ya kioo hata kidogo. Ni taa ya nyuma inazimwa na kuwashwa harakaharaka ili jicho lisione ukungu, na mwanga wa kioo unapungua. Ndiyo maana VA iliyoandikwa "1 ms" inaweza kukupa mikia yote niliyoieleza juu bila kampuni kuwa imesema uongo. Ukishanunua, weka ovadraivu katikati, usikubali ile ya juu kabisa hata ikiitwa jina zuri namna gani.

OLED sasa. Nitasema mengi kwa sababu vijana wananiuliza sana, na kwa sababu hapa ndipo mazingira yetu yanapobishana na uchambuzi wa wenzetu kwa nguvu zote.

Kwa picha, haina mshindani. Pikseli ikizima imezima, hakuna mwanga unaovuja kutoka popote, na kasi yake huandikwa milisekunde 0.03. Hata ukiikata sifa hiyo nusu mara tano bado inaziacha LCD, hizi zote za fuwele, nyuma. Hata kwenye baridi haijui shida ile ya fuwele nzito, kwa kuwa haina fuwele. Tangu Alienware AW3423DW ya inchi 34 ilipotoka mwaka 2022 na kioo cha QD-OLED, aina ya OLED ya Samsung, kila kampuni imeingia, na LG wanasukuma aina yao nyingine upande wa pili. Kwa macho tu, ningemwambia kila mtu aende OLED.

Lakini vijipikseli vyake ni vya malighafi ya kikemia yenye kaboni inayochakaa kadiri inavyowaka. Sehemu inayowaka muda mrefu kwa picha isiyosogea huchakaa kuliko jirani zake, na alama hubaki. Fikiria banda la gemu ambako mpira unachezwa kuanzia saa nne asubuhi hadi usiku: ubao wa matokeo uko kona ileile ya juu kushoto, siku zote, mwezi hadi mwezi. Nani atanunua OLED kwa kazi hiyo? Na kwa mwanafunzi anayefungua karatasi nyeupe za kazi za chuo mchana kutwa, mstari wa chini wa Windows umesimama palepale.

Kampuni zinalijua hili na zimeweka tiba. Baada ya saa kadhaa za matumizi, mara nyingi nne, monita ikizimwa kwa kitufe hubaki imelala kwa dakika chache, inapima pikseli zake na kusawazisha uchakavu. Tiba nzuri. Sharti lake ni umeme kubaki kwenye soketi. Sasa niambie ni nyumba ngapi unazozijua ambazo mtoto akimaliza kucheza hazimi ukutani. Tumelelewa hivyo: umeme unakatika na kurudi kwa kishindo, radi ya Rungwe haina adabu, mama anapita chumba hadi chumba akichomoa plagi. Ni tabia ya busara, imeokoa friji nyingi, na ndiyo hiyohiyo inayoinyima OLED usingizi wake wa matibabu kila usiku. Hili sijaliona kwenye uchambuzi wowote wa wenzetu, na siwalaumu, kwao soketi ni kitu cha kusahau.

Kuna na dogo lingine. QD-OLED nyingi hazina kile kichujio cha mwanga kilicho mbele ya LCD, kwa hiyo chumba kikiwa na mwanga wa jua, weusi wake ule wa kujivunia hupauka na kuingia kijivu chenye uzambarau. Na kwa mpangilio wa pembetatu wa rangi zake, maandishi madogo hupata ukingo wa kijani na waridi. Mchezaji hatajali, mwandishi wa ripoti atajali.

Basi OLED nampa nani? Mwenye chumba chenye pazia zito, UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) ya kuaminika, na familia iliyokubali kwamba plagi moja haichomolewi kila usiku. Wapo. Wengine wote, pesa ya OLED moja inatosha IPS nzuri, UPS, na chenji ya kusogeza kadi ya grafiki hatua moja mbele. UPS yenyewe haihitaji kuwa kubwa kwa ajili ya kioo: monita ya inchi 24 hula karibu wati 25, yaani saa nne za kucheza ni sehemu ya kumi ya unit moja ya LUKU. Kinachokula ni kompyuta.

Kuhusu Hz sina mengi. Kutoka 60 kwenda 144 utaona hata ukiwa na usingizi; kutoka 144 kwenda 240 lazima utafute. Kama unachezea PS4, inatoa picha 60 kwa sekunde na hapo imefika, usiilipie Hz 165. PS5 inafika 120. Kwenye kompyuta, Windows mara nyingi huiacha monita mpya kwenye 60 mpaka uingie mwenyewe kwenye mipangilio ya kioo uibadilishe, na nimekuta watu waliokaa nayo hivyo muda mrefu wakisifia ulaini wake.

Kuijaribu, ukiwa Kabwe au Mwanjelwa au popote, beba flashi yenye picha tatu: nyeusi tupu, nyeupe tupu, na kijivu cha giza. Kwenye nyeusi omba wapunguze taa ya duka au ufunike kwa koti lako, tazama kona. Kwenye nyeupe tafuta pikseli iliyokufa na madoa ya unjano, hasa kwa used. Kwenye kijivu cha giza chukua dirisha dogo lenye maandishi meusi ulivute huku na huku kwa kasi. Kama ni VA mvivu, mkia utauona hapohapo. Halafu chuchumaa. Watakucheka, wewe chuchumaa, utazame kioo kutoka chini kama mtu wa kitandani. TN itajitambulisha yenyewe.

Ukiagiza kutoka Dar ikaja na basi la usiku, ifungue palepale ofisi ya vifurushi uangalie kama kioo hakijapasuka, ila usiichomeke. Buti la basi lililopita Makambako alfajiri ni jokofu. Ukiileta ndani ya chumba chenye watu na jiko, unyevu unageuka matone ya maji kwenye bodi. Iache kwenye boksi lake saa mbili tatu kwanza.

Na nenda dukani na waya wako mwenyewe wa DisplayPort. Muuzaji asiyetaka kukuwashia monita kwa sababu "waya haupo" atakuwa amebakiwa na sababu moja tu, na duka la jirani yake huwa halijafungwa.